Shahada Isiyo na Jina la Kazi

Juma moja kabla ya Pasaka, kaka yangu mkubwa alinipigia simu kutoka nyumbani Kaimosi, kaunti ya Vihiga, akanitaka nifike Jumamosi bila ya kukosa. Nilipomwuliza kulikoni, alinijibu kwamba lilikuwa jambo la kuzungumzwa watu wakiwa wameketi. Wanaomfahamu kaka yangu wanajua kwamba jambo asiloweza kulitamka kwenye simu ama ni la pesa ama ni la ardhi. Safari hii lilikuwa la yote mawili.

Binti yake, kitinda mimba, amepata nafasi katika chuo kikuu kidogo cha Kikatoliki nchini Marekani. Barua ya chuo inasema kwamba atasamehewa zaidi ya nusu ya karo. Ili kuipata sehemu iliyosalia, kaka yangu alikuwa amekusudia kuuza ekari moja ya majani chai, na mnunuzi alikuwa amekwisha kuja mara mbili kuipima kwa hatua zake. Hayo yote yangepita bila ya kuitwa mimi, lau barua ile ingetaja kazi. Lakini haikutaja. Ilieleza kwamba kwa miaka miwili ya kwanza mwanafunzi atasoma falsafa, theolojia, historia, fasihi, hisabati, sayansi moja na lugha moja ya kigeni, kisha ndipo atachagua somo la kulizamia.

"Mdogo wangu," kaka aliniuliza mbele ya wazee, huku ameishika barua ile kama mtu aliyeshika stakabadhi ya mahakama, "mtoto wa jirani anasomea uuguzi, akirudi ataitwa muuguzi. Wa mwalimu mkuu anasomea uhandisi. Akirudi ataitwa mhandisi. Huyu wangu akirudi ataitwa nani?"

Wazee wakanigeukia. Niliitwa kwa kuwa mimi ndimi pekee katika ukoo wetu niliyewahi kupita njia hiyo, na aliyewahi kuugua ndiye aulizwaye dawa.

Niliondoka nchini Agosti 1987, mwaka mmoja baada ya kumaliza kidato cha sita, kwenda katika chuo cha watawa wa shirika la Mtakatifu Benedikto katikati mwa Marekani. Jina lake sitalitaja. Anwani yake niliipata katika maktaba ya Wamarekani mjini Nairobi, nikaandika barua kwa mkono, na baada ya miezi mitatu nikajibiwa kwa mkono vile vile. Nyanya yetu, Mungu amrehemu, alikuwa mfuasi wa Kanisa la Marafiki tangu utotoni. Wamisionari wa Quaker waliingia Kaimosi mwaka 1902, na kwake yeye dini nyingine zote zilikuwa zimechelewa kufika. Aliniusia jambo moja tu: nisikubali kupigishwa magoti mbele ya sanamu.

Hakuna aliyenipigisha magoti. Kwa hakika nilishangazwa na jinsi nilivyoachwa huru katika mambo ya ibada, na jinsi nisivyoachwa huru hata kidogo katika mambo ya masomo. Kwenda Misa ilikuwa hiari, ila masomo matatu ya theolojia yalikuwa lazima, kwa Mkatoliki, kwa Mprotestanti na kwa kijana mmoja kutoka Malaysia aliyekuwa Mwislamu. Tulikuwa wanafunzi wasiofika 700 chuo kizima. Darasa langu la mantiki lilikuwa na watu kumi na wanne. Katika darasa la namna hiyo huwezi kujificha nyuma ya mgongo wa mtu. Ukikosa kusoma usiku, asubuhi umeumbuka.

Mwalimu wa mantiki alikuwa sista mmoja wa miaka sabini na ushei, mfupi, mwenye sauti ndogo. Insha yangu ya kwanza niliiandika juu ya nchi yangu, nikajaza ndani yake neno maendeleo, kwani hilo ndilo neno tulilolelewa nalo. Aliporudisha karatasi, hakuwa ameandika alama. Alikuwa amelizungushia neno hilo duara kila lilipotokea, mara kumi na moja, na chini akauliza: ya nani, kutoka wapi, kwenda wapi? Nikaandika upya. Akarudisha. Insha ile niliiandika mara nne, na ya nne ilikuwa kurasa mbili badala ya saba. Nilimchukia sista yule hadi Krismasi.

Sitaki msomaji adhani kwamba nilikuwa peponi. Baridi ilikuwa ya kuua. Katika mji ule mdogo nilikuwa mtu mweusi niliyetazamwa hadi nikahesabu vifungo vya shati langu, na kinyozi wa pekee alikiri kwamba hakujua aanzie wapi kichwani mwangu. Sheria ilimruhusu mwanafunzi mgeni kufanya kazi chuoni saa 20 kwa juma wakati wa masomo, nami saa hizo zote nilizimaliza jikoni nikiosha sufuria. Tena yale masomo yenyewe, licha ya upana wake, yalikuwa na upofu wake. Dunia ya walimu wangu ilianzia Athens, ikapitia Roma na Paris, ikaishia Boston. Afrika ilijitokeza alasiri moja tu, tulipomsoma Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo, na hata hapo hakuna aliyetaja kwamba mji huo uko Algeria na kwamba mzee huyo alizaliwa, akafanya kazi na akafa katika ardhi ya bara letu. Niliinua mkono nikasema. Sista wa theolojia alinitazama, akaenda kwenye ramani, akakaa kimya kitambo, kisha akasema kwamba amefundisha somo hilo miaka ishirini na mbili na hajawahi kuonyesha mahali hapo kwa kidole. Mwaka uliofuata alinialika nije nilizungumze jambo hilo mbele ya wanafunzi wapya. Katika chuo cha watu elfu thelathini mkono wangu ungeonwa na nani?

Na jambo jingine, ambalo sikumweleza nyanya hadi niliporudi. Jioni watawa walikusanyika kanisani kuimba zaburi, kama Wabenedikto wafanyavyo tangu karne ya 6, na baina ya zaburi moja na nyingine walinyamaza. Nilizoea kuketi benchi la nyuma kwa ajili ya kimya kile tu. Marafiki wa zamani nao waliabudu kwa kunyamaza. Nyanya alisikiliza habari hiyo, akauliza kama katika kimya hicho kulikuwa na mtu aliyesinzia. Nikasema ndiyo, masista wawili. Akaridhika kwamba hiyo ilikuwa ibada ya kweli.

Elimu ya namna hii ina historia ndefu kuliko sifa tunazoipa. Warumi waliiita elimu ya mtu huru, wakiitenga na kazi za mikono walizowaachia watumwa, jambo ambalo halina haja ya kusifiwa. Shule za enzi za kati zikaipanga katika masomo saba: sarufi, mantiki na balagha, kisha hesabu, jiometri, muziki na elimu ya nyota. Kadinali John Henry Newman, ambaye Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 2019, alitoa mihadhara mjini Dublin mwaka 1852 akitetea rai kwamba akili iliyofunzwa vyema ni kitu chema chenyewe, hata kabla ya kuuliza itatumiwa wapi. Chuo chake kilifunguliwa mwaka 1854. Na hapa kuna kichekesho ambacho wafuasi wake hupenda kukiruka: sehemu ya chuo hicho iliyostawi kuliko nyinginezo ilikuwa ni shule ya udaktari. Wazazi wa Dublin nao walitaka kujua mtoto ataitwa nani.

Nilipofika hapo kaka yangu alicheka. Ndipo nikamkumbusha mtu ambaye jina lake kila mmoja pale barazani alilijua.

Mnamo Septemba 1960 msichana kutoka Ihithe, Nyeri, alisafiri kwenda Marekani katika ule mpango wa ndege za wanafunzi ulioanzishwa na Tom Mboya na wenzake, safari ambazo mwaka huo zilichangiwa fedha na wakfu wa familia ya Kennedy. Alikuwa amesomeshwa na watawa Mathari na Loreto Limuru. Alipokelewa katika chuo kidogo cha wasichana, Mount St. Scholastica, katika mji wa Atchison, jimbo la Kansas, kando ya mto Missouri. Masista Wabenedikto walikuwa wamefika katika mji huo mwaka 1863 kuwafundisha watoto wa wahamiaji. Alisoma biolojia, na kando yake kemia na Kijerumani, akahitimu mwaka 1964. Kisha akapata shahada ya pili Pittsburgh mwaka 1966, na mwaka 1971 akapata uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka huo huo wa 1971 chuo chake cha Atchison kiliungana na kile cha wanaume cha St. Benedict's, vikawa Benedictine College, ambacho kingali hai. Huyo ni Wangari Maathai, aliyeanzisha vuguvugu la Green Belt mwaka 1977 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004.

"Unaona?" kaka akanikatiza. "Alisoma biolojia. Biolojia ina jina."

Alikuwa na haki ya kunikatiza. Wala sidai kwamba masista wa Kansas ndio waliomfinyanga. Mtu yule aliondoka kwao akiwa tayari ni mtu. Lakini mwishoni mwa mwaka 1989, nikiwa huko chuoni, sista wa mantiki aliniita akanikabidhi kipande cha gazeti kilichoeleza jinsi mwanamke mmoja mjini Nairobi alivyopinga jumba la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya bustani ya Uhuru. Akaniuliza: huyu si yule aliyesoma kwa dada zetu wa Atchison? Nilikisoma nikiwa nimesimama. Serikali nzima ilikuwa dhidi yake, wabunge walimtukana, na silaha yake ilikuwa barua. Aliandika barua, akauliza maswali, akataka kujua ni nani atakayelipa, na nani aliyeidhinisha. Jumba lile halikujengwa. Biolojia haimfundishi mtu kuandika barua za namna ile. Nilimwuliza kaka yangu: kazi ile aliyoifanya mama yule, iliitwaje? Mzee mmoja akajibu kwa niaba yake kwamba wakati ule iliitwa wazimu.

Mimi mwenyewe nilirudi mwaka 1991 na shahada ya historia na falsafa, na ukweli ni kwamba hakuna aliyenihitaji. Wenzangu waliosomea uhasibu walikuwa na magari. Nilifundisha miaka miwili katika shule ya harambee kwa mshahara uliokuja ulipotaka. Mama alipoulizwa na majirani nilichokwenda kusomea ughaibuni, alikuwa akisema "mambo mengi," kisha akabadilisha mazungumzo. Kijana anayekwenda njia hii na aijue aibu hiyo mapema, kwa sababu itamfikia.

Lakini katika miaka hiyo hiyo nilikwenda na baba kwenye mkutano wa wakulima wa chai. Wakubwa wa chama, nisichokitaja, walisoma hesabu za mwaka kwa haraka. Miongoni mwa makato kulikuwa na mstari mmoja, gharama nyinginezo, na mbele yake tarakimu kubwa kuliko ile ya usafiri. Walisoma wakapita. Nikamwona sista mfupi akilizungushia neno duara. Nikasimama nikauliza: nyinginezo zipi, za nani, zilikwenda wapi? Niliambiwa niketi. Mzee wa nyuma akauliza swali lile lile kwa Kimaragoli, kisha mama mmoja, kisha baraza zima. Mkutano haukwisha siku hiyo. Ulikwisha baada ya juma la tatu, na malipo ya mwisho ya mwaka huo yaliongezeka. Hakuna aliyeniita mhasibu, ingawa wahasibu wawili walikuwa wameketi mstari wa mbele, wameinamisha vichwa.

Hiyo ndiyo faida niliyoweza kuieleza barazani. Sasa niliwageukia wazee na upande wa pili, kwa maana nisingekuwa mkweli kama ningenyamaza.

Chuo changu hakipo tena. Kilifungwa miaka michache iliyopita. Tulipata tangazo la kurasa moja na nusu, pamoja na anwani ya ofisi ambako mtu anaweza kuomba nakala ya matokeo yake. Na si hicho peke yake. Saint Joseph's College cha Indiana kilisimamisha masomo mwaka 2017. Marygrove cha Detroit kilifungwa mwaka 2019. Mwaka 2023 vilifuata Holy Names cha Oakland na Cardinal Stritch cha Milwaukee. Mwaka 2024 Cabrini cha Pennsylvania, Saint Rose cha Albany na Notre Dame College cha Ohio. Vyote vilikuwa vya asili ya Kikatoliki, na vingi vilianzishwa na watawa wanawake.

Sababu yake inaeleweka mtu akitazama jikoni. Vyuo hivi vilisimama juu ya migongo ya masista waliofundisha, wakapika na wakafagia bila ya mshahara wa kutajika. Mwaka 1965 Marekani ilikuwa na masista karibu 180,000. Sasa hawafiki 40,000, na wengi wao ni wazee. Nafasi ya sista aliyefundisha kwa chakula na chumba imechukuliwa na mwalimu mwenye mke, watoto na deni la nyumba, naye ni haki yake alipwe. Karo ikapanda. Hivi sasa karo inayotangazwa na vyuo vya kibinafsi vya nchi hiyo imepita, kwa wastani, dola 40,000 kwa mwaka, mbali na chumba na chakula, ingawa wanafunzi wapya kwa wastani husamehewa zaidi ya nusu yake. Kwa hiyo ule msamaha uliomfurahisha kaka yangu ndio bei ya kawaida ya sokoni. Isitoshe, tangu mwaka 2007 Wamarekani wamekuwa wakizaa watoto wachache, na watoto wa mwaka huo ndio wanaotimiza umri wa chuo sasa. Vyuo vikubwa vitapata wanafunzi. Vidogo vitagombania waliosalia, na ndiyo maana vinaandika barua tamu hadi Kaimosi.

Kimya kiliingia barazani. Binti mwenyewe, aliyekuwa ameketi mkekani karibu na mama yake, ndiye aliyekivunja.

"Baba mdogo," alisema, "unaniambia niende au nisiende?"

Nilimwambia kwamba kama angetaka cheti cha kumpatia kazi upesi, kozi ya uuguzi ya hapa nchini ni nzuri, ni ya heshima, na haihitaji shamba la mtu. Kama anataka ile elimu nyingine, anayo haki ya kuitaka, hata kama ni mtoto wa mkulima. Wala sioni kwa nini watoto wa matajiri peke yao waruhusiwe kusoma falsafa. Nikamwuliza kwa nini anaitaka. Hakunijibu kwa maneno ya barua ya chuo. Alisema kwamba shuleni miaka yote aliyosoma, hakuna mwalimu aliyemwuliza swali ambalo mwalimu mwenyewe hakuwa na jibu lake kitabuni. Mama yake alimtazama kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza.

Nikamgeukia kaka. Nilimwomba asiuze shamba kwanza. Karo ya mwaka mmoja italimeza, na miaka ni minne. Badala yake binti aandike barua kwa mkono wake mwenyewe, si wangu wala si wa wakala wa mjini, aulize kama msamaha huo ni wa miaka yote minne na kama utapanda pamoja na karo itakapopanda. Aulize pia, miongoni mwa wanafunzi walioingia naye mgeni kutoka Afrika miaka ya karibuni, ni wangapi waliomaliza na wako wapi. Na mwisho aulize lile wasilopenda kuulizwa: ni kwa miaka mingapi chuo kimetumia zaidi ya kilichopata, na kikifungwa yeye akiwa mwaka wa pili, ni chuo gani kimekubali kwa maandishi kuwapokea wanafunzi wake?

Kaka alilalamika kwamba kumwuliza mwenyeji kama nyumba yake itaanguka ni utovu wa adabu, na kwamba wanaweza kukasirika wakaiondoa nafasi. Wazee walikubaliana naye, isipokuwa yule aliyezungumzia wazimu. Yeye alisema kwamba mtu anayeuza ng'ombe hakasiriki akiulizwa umri wa ng'ombe, ila kama anauficha.

Binti aliandika barua usiku ule. Alinionyesha asubuhi. Ilikuwa ukurasa mmoja, bila ya pambo, na neno lile la msaada lililokuwa katika barua ya chuo alikuwa amelinukuu na kuuliza maana yake. Sikubadilisha kitu.

Siku kumi baadaye jibu lilifika. Msamaha ni wa miaka minne, mradi alama zake zisishuke, ila ni kiasi kile kile, hautapanda karo ikipanda. Wanafunzi wa Kiafrika waliopokelewa ni wachache, nao wametaja idadi ya waliomaliza. Ni zaidi ya nusu, si wote. Juu ya swali la tatu walisema kwamba limepelekwa katika ofisi inayohusika. Mnunuzi wa shamba amepiga simu tena, akiongeza bei kidogo. Hadi ninapoandika makala haya ofisi inayohusika haijajibu, na hati ya ekari ile ingali chini ya godoro la kaka yangu.